Amri Ilikuwa Usivute

Koplo Maduhu alirudi nyumbani kwao, nje kidogo ya Bariadi, akitembelea magongo. Alianguka kutoka kwenye lori wakiwa mazoezini, mfupa wa chini ya goti ukavunjika, hospitali wakamtia vyuma. Aliletwa na mke wake Rhoda kwa mama yake, Ernestina, mjane anayelima pamba, ili wasaidiane kumuuguza.

Sisi wanajumuiya wa kanisa tulienda kumpa pole. Rhoda akatueleza hali ilivyo. Mfupa ukiunga, Maduhu atarudi kikosini. Usipounga, ataachishwa kazi, na yeye hajui kazi nyingine. Daktari alimwambia neno moja la kushika: "Usivute. Sigara inazuia mfupa kuunga."

Maduhu alijifunza sigara jeshini, akiwa lindoni. "Kule baridi ikipiga, mayu," aliniambia, "sigara ndiyo shuka." Mayu ndivyo tunavyomwita mama huku kwetu.

Mwanzo ulikuwa mgumu, jamani. Akawa anagomba na kila kitu, hata jogoo akiwika anamtukana. Alimbembeleza Rhoda: "Niletee moja tu, niinuse, siwashi." Rhoda akakataa huku analia. Tukamwombea. Halafu ghafla akatulia. Akaanza kula, akaanza kutania watu. Tukamshukuru Mungu.

Waliporudi hospitali kupiga picha nyingine, daktari, mama mmoja mpole, aliitazama. Pale palipovunjika palikuwa vilevile.

"Koplo, unavuta."

"Sivuti, daktari."

"Mfupa unaniambia tofauti."

Rhoda alikuja kwangu moja kwa moja, hata kanga haijakaa sawa. "Mama, ananidanganya. Nimenusa mashati, nimepekua godoro, nimeingia mpaka chooni. Sioni kitu. Akiachishwa tutakwenda wapi na watoto?" Nilimshika mkono tukaenda pamoja.

Tulimkuta Maduhu kivulini pembeni ya nyumba, mguu ameunyoosha juu ya kigoda. Ernestina alikuwa karibu naye akichambua mchicha.

"Mwadila, mayu," akanisalimia kwa Kisukuma, lakini sauti ilitoka nzito, kama mtu mwenye chakula mdomoni. Mdomo wa chini ulikuwa umevimba. Akageuka, akatema kwenye kopo la mchanga.

"Mwanangu, una nini mdomoni?"

"Ugoro tu."

Rhoda akashtuka. "Maduhu!"

"Nini sasa? Amri ilikuwa usivute. Mimi sivuti, nabwia. Tangu lini ugoro ukavutwa?"

Ernestina akacheka. "Mwache mwenzio apumue, Rhoda. Mimi ndiye ninayempa, ugoro unamtuliza. Baba yake alibwia mpaka anazikwa, na miguu yake ilikuwa mizima."

Niliuliza polepole, maana sikutaka kumtia aibu mzazi kwenye nyumba yake: "Ernestina, huo ugoro unausaga na nini?"

"Si tumbaku na magadi! Kwani wewe mgeni hapa?"

Akawa bado anacheka. Kisha kicheko kikamkatikia. Akamtazama mwanawe, akautazama mguu, mchicha ukamwanguka mapajani.

"Nimempa mwenyewe," akasema. "Kwa mkono wangu huu."

Maduhu alitia kidole mdomoni akautoa ugoro wote. Jasho lilikuwa limeshaanza kumtoka. "Hakusema ugoro," akarudiarudia. "Daktari hakusema ugoro." Hakuna aliyemcheka. Hata sisi kwetu ugoro hatuuweki pamoja na sigara. Sigara ni ya vijana wa stendi, ugoro ni heshima. Mzee akifika nyumbani kwako, unamtilia kidogo kiganjani ndipo mnaanza mazungumzo.

Basi ikaanza tena ile tabu, safari hii mbaya zaidi. Daktari aliambiwa, akasema tumbaku ni tumbaku, iingie kwa moshi au kwa mdomo. Akamfundisha hamu ikija anywe maji, atafune kitu, azungumze na mtu mpaka ipite. Ernestina akauondoa ugoro nyumbani. Wazee wakija na kunyoosha viganja, anawatilia karanga.

"Siku hizi Ernestina unatulisha kama kuku," mmoja akamtania.

"Kuku wangu wana shukrani kuliko wewe," akamjibu, lakini macho yalikuwa kwa mwanawe. Aliacha kulala vizuri. Kila mara ananiuliza: "Mama, ule niliompa utakuwa umeshatoka mwilini?" Ningejuaje? Nilimwambia tusali.

Siku ya picha ya mwisho niliwasindikiza. Ernestina alishindwa kuja, alisema hataweza kuitazama picha hiyo. Daktari aliinyanyua picha dirishani. Tulisimama nyuma yake kama washitakiwa.

"Mnaona hapa, kama ukungu?"

"Ndiyo mfupa?" Rhoda akauliza.

"Unaanza."

"Kwa hiyo nitarudi kikosini?" Maduhu akadakia.

"Sijui, koplo. Ukiacha ukungu huu ukomae, labda. Ukiurudia ugoro au sigara, hapana."

Tulitoka. Nje ya geti, dereva mmoja wa bodaboda alikuwa amewasha sigara, moshi ukatujia usoni. Maduhu akasimama. Akafumba macho, pua zikamtanuka. Rhoda akamshika shati kwa nguvu, mimi nikaanza Salamu Maria kimoyomoyo.

"Niongeleshe," Maduhu akamwambia mkewe, macho bado yamefumbwa. "Niongeleshe chochote, Rhoda. Upesi."

Rhoda akaanza kumweleza habari za mbuzi.