Walisoma Ukurasa wa Kwanza, Wakaenda Kupika

"Banasema site yako imeua mutoto ku Beni."

Maneno hayo yanaingia kibandani na mteja wa kwanza wa asubuhi. Kahongya Orpa, muuza unga wa muhogo mjini Butembo, anabaki ameshika kopo hewani. Unga haurudi guniani wala hauingii kwenye mfuko wa mteja.

"Nani anasema?"

"Batu. Ati ni mutoto wa commune Ruwenzori. Mama yake alisoma kwako namna ya kupika muhogo, akapika, mutoto akakufa."

Mteja analipa, anaondoka. Uvumi unabaki. Orpa anapepeta unga, anapanga makopo, anafungua redio ili asikie kitu kingine. Hautoki. Kabla ya adhuhuri wengine watatu wamemletea habari ileile, na kila mmoja ameiongezea chumvi. Wa mwisho anasema waliokufa ni wawili.

Jirani yake Luc, anayechaji na kutengeneza simu na humwita yaya, yaani dada, anajaribu kumtuliza.

"Ni fununu tu, yaya. Batu ba Butembo, ukipiga chafya banasema umeshazikwa."

"Fununu ya bule haina commune, haitaji mutaa, Luc. Hii iko na commune."

Orpa ana miaka thelathini na minne. Kazi ya unga aliirithi kwa mama yake. Watu wengi walipokimbia mashamba kwa sababu ya vita na kuhamia mjini, aliona wanawake wakinunua muhogo mbichi bila kujua upi ni mtamu na upi ni mchungu. Walimuuliza maswali yaleyale kila siku. Basi kwa msaada wa Luc akaanzisha blogu, akaiita Jiko la Orpa, akaandika majibu yake humo kwa Kiswahili chepesi. Haimlipi kitu. Inamletea wateja tu, na wasomaji kutoka Butembo hadi Kamango.

Mwanzoni aliandika kila kitu kwenye ukurasa mmoja. Mtandao wetu tunaujua.

"Ukurasa ulizunguka, ukazunguka, mpaka batu bakachoka," anasema. "Donc nikaukata vipande vitatu."

Ukurasa wa kwanza ulifundisha kutambua muhogo, kuumenya na kuuosha. Wa pili, kuuloweka. Wa tatu, kuuanika na kuutwanga. Chini ya kila ukurasa kulikuwa na neno moja la kubonyeza: Endelea.

Luc alikuwa amemwonyesha hesabu. Katika kila watu mia walioingia, tisa tu ndio walifika ukurasa wa pili. Orpa aliisikitikia hesabu hiyo kama muuzaji anavyosikitikia wateja wanaopita bila kununua. Baada ya ule uvumi aliitazama tena. Watu tisini na mmoja walikuwa wameondoka kabla ya kusoma habari ya kuloweka. Na muhogo mchungu usiolowekwa ni sumu.

Kesho yake anafunga kibanda na kupanda gari la Beni. Barabara ile, kwa hofu ya mashambulizi, hakuna anayeishika kwa matembezi. Nyumba ya msiba haiendewi mikono mitupu, lakini kubeba unga wa muhogo kungekuwa matusi, kwa hiyo amebeba maharagwe.

Huko Ruwenzori wanawake wanamwelekeza nyumbani kwa mwalimu Kalala, aliyeletwa na kazi kutoka Kasai. Mlangoni ameketi msichana mdogo, anakula ndizi.

"Jina lako nani?"

"Shalom."

"Ni wewe uligonjwa?"

Mtoto anatikisa kichwa kukubali, anaendelea na ndizi yake. Orpa anachuchumaa mbele yake, anamtazama anavyotafuna. Mtoto yu hai.

Mama wa mtoto, Jeannine, anatoka akifuta mikono kwenye kitenge. Akisikia mgeni ni nani, uso unamkunjamana, kisha anafungua mlango wote.

"Ingia. Tukisemea hapa inje, majirani kesho batasema ulikuja kuzika."

Ndani, Jeannine anaeleza. Kule kwao Kasai alizoea kununua unga tayari sokoni. Huku, jirani alimpa mihogo kutoka shambani. Akatafuta kwenye simu, akakuta Jiko la Orpa, akafurahi.

"Mutoto alitapika, akalegea kama kitambaa. Baba yake akamubeba mu mugongo mpaka ku kituo cha afya. Banauliza: alikula nini? Nikasema bugali. Banauliza: muhogo ulilowekwa? Nikasema: kulowekwa ni nini?"

"Ulisoma mpaka wapi, mama?"

"Mpaka kwenye iliishia."

"Haikuishia pale. Chini kulikuwa neno, Endelea."

"Niliiona."

"Ukaiacha?"

"Mais, mama Orpa! Kila kitu mu simu kinasema Endelea. Siku moja nilibonyeza Endelea, mega zote za internet zikaisha nikiangalia kijana anacheza muziki. Wewe ungebonyeza?"

Orpa anafikiri. "Hapana."

"Sasa kosa yangu ni wapi?"

"Sikuja kutafuta kosa. Nilikuja kuona mutoto."

Kumbe Jeannine hakuwa mzembe. Asiyoyajua aliyatafuta kwa macho. Kando ya barabara kila siku aliona vipande vyeupe vya muhogo vimeanikwa juu ya maturubai, naye akaanika. Lakini kuloweka hakuonekani barabarani. Kunafanyika nyuma ya nyumba, ndani ya pipa lililofunikwa. Mgeni ataona jua, maji hatayaona.

Shalom alitibiwa mapema, akapona. Mazungumzo yangeweza kuishia hapo. Lakini Jeannine anakumbuka jambo, anashika kinywa.

"Ule ukurasa niliupiga capture. Nikatuma mu groupe ya chorale."

Picha ya ukurasa haina mahali pa kubonyeza. Aliyeipata alipata theluthi ya maelezo, akadhani ni yote.

"Iko na wamama wangapi mule?"

"Ishirini na kitu."

Maharagwe yanaachwa mezani. Jeannine anatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la kwaya, kisha wanawake hao wawili wanatoka kwa miguu kwenda kwa wasiojibu. Wa kwanza alikuwa amekwishanunua unga. Wa pili hakuwa ameelewa hata hiyo picha, na akawacheka walivyokuwa wakihema. Kwa wa tatu, Myriam, wanakuta vipande vikavu viko kwenye kinu na mtwangio uko juu.

"Acha!" Jeannine anapiga kelele toka uani.

"Kuna nini? Batoto bana njaa!"

"Huo muhogo ulilala mu maji?"

"Maji gani? Ni wewe ulituma picha, haina maji."

Orpa anamimina vipande kutoka kwenye kinu, anamwambia avifukie mbali na kuku. Myriam analalamika, halafu Jeannine anamweleza Shalom alivyolegea, naye anachukua jembe. Jioni hiyo watoto wa Myriam wanakula maharagwe yaliyotoka Butembo, waliyogawiwa na Jeannine.

Orpa anarudi kazini na neno moja kichwani: watu waingie ndani. Luc ana shauri lake.

"Andika: Utashangaa kilichompata mama wa Beni! Batabonyeza mpaka simu ziwake moto."

"Batabonyeza leo. Kesho batasema Orpa anaita batu bule, na siku ya sumu hakuna atakayekuja."

Anabomoa na kujenga upya. Sasa mstari wa kwanza kabisa unasema: Muhogo mchungu usiolowekwa ni sumu, na maelezo haya hayajaisha hapa. Juu ya kila ukurasa imeandikwa ni wa ngapi kati ya kurasa tatu, ili hata anayetumiwa picha ajue amepewa kipande. Neno Endelea limeondolewa. Mahali pake pameandikwa: Ingia hapa ujue utaloweka siku ngapi. Hakuna video, hakuna tangazo, mega zako zitabaki.

Kabla ya kuweka chochote anamtumia Jeannine rasimu na swali moja: ungebonyeza? Jeannine hana huruma.

"Hapana. Ku mwisho ya ukurasa wa tatu umeandika Soma zaidi. Zaidi ya nini?"

Orpa anaandika upya. Wanabishana, wanachekana, wanapatana. Mwisho wa ukurasa wa tatu sasa kuna njia ya kwenda kwenye sombe, yaani kisamvu, na kutoka kwenye sombe kwenda kwenye samaki wa ziwani, wa Kyavinyonge, kila njia ikisema wazi inakompeleka mtu.

Katika kila mia, siku hizi thelathini na wanane wanafika kwenye kuloweka. Luc alitaka washerehekee kwa soda.

"Sitini na mbili bangali mulangoni na muhogo mu mukono," Orpa alimjibu. "Tutakunywa bakiingia."

Uvumi haujafa. Bado kuna anayekuja kununua unga na kumwangalia kwa jicho la pembeni. Orpa humtajia jina la mtoto, humwambia anaishi na anasoma, halafu humpimia unga wake. Mpango wake sasa ni kurekodi kurasa zote tatu kwa sauti fupi, kwa Kinande na kwa Kiswahili, kwa ajili ya wamama wasiosoma. Kila sauti itaanza na maji.

Wazazi wenzangu, simu tunazo na watoto tunao. Tuepuke haya:

Usipike kwa kusoma ukurasa mmoja. Tafuta palipoandikwa mwisho.

Usimtumie mwenzako picha ya kipande. Mtumie anwani yenyewe, aingie mwenyewe.

Usibonyeze neno lisilosema linakupeleka wapi. Na wewe unayeandika, usiwawekee watu neno kama hilo.

Usiige unachokiona barabarani tu. Uliza kilichofanyika nyuma ya nyumba.

Usitwange muhogo mchungu ambao haujalala majini siku tatu au nne, mpaka ukalainika, kisha ukakauka vizuri juani.

Usione haya kuuliza kuloweka ni nini.

Na mtoto akitapika baada ya kula muhogo, usirudi kwenye simu. Mbebe, uende kituo cha afya.