Tulikuwa Wawili Mezani

Nilipofika Juba kutoka Kitale nilikuwa na cheti cha ushonaji, mkasi wangu mwenyewe, na imani kwamba mimi ni mtu mwema. Cheti na mkasi ninavyo hadi leo.

Kazi niliipata katika karakana ya sare za shule, karibu na soko la Jebel. Mwenye karakana, ambaye sote tulimwita Mama, alikuwa mwanamke wa makamo aliyerudi kutoka uhamishoni Uganda, mkali wa maneno lakini mwenye haki kwa kadiri ya alichokiona. Kwenye meza ya kukatia tulikuwa wawili. Mimi nilipima na kuchora kwa chaki. Mwenzangu alikata kwa kufuata mstari wangu.

Mwenzangu huyo alitokea Mangateen, katika kambi ya watu waliohama makwao kwa ajili ya vita. Alikaa huko na mama yake mzee. Shule hakuwahi kuiona, na Kiswahili alikiokota Uganda, njiani na sokoni. Kila asubuhi nikimuuliza kama amefika, alijibu kutoka nyuma ya majora ya vitambaa, "Mimi iko!" Lakini mkasi aliujua. Mstari ukichorwa, ndio huo huo aliokata, bila kuteleza huku wala huku.

Siku ya mkasa tulikuwa na sketi sitini za wasichana wa sekondari. Simu nilikuwa nimeibana kwa bega, dada yangu akinisimulia harusi ya binamu yetu, jinsi bibi harusi alivyokanyaga gauni lake mbele ya wakwe. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Vipimo vilikuwa kwenye karatasi mbili, moja ya sekondari na nyingine ya msingi. Mimi nilisoma ile ya msingi, nikachora, na mwenzangu akakata.

Kesho yake fundi mmoja alimaliza sketi ya kwanza, akajipima. Ilimfika katikati ya mapaja. Mafundi wakaangua kicheko, kisha wakanyamaza, maana Mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Nani alikata hizi?"

Jibu nilikuwa nalo mdomoni. Lilikuwa fupi: ni mimi. Badala yake nikasema, "Mama, tulikuwa wawili mezani."

Haukuwa uongo. Ndiyo maana ulinitoka kwa urahisi. Lakini nilijua, hata kabla sijafunga mdomo, neno lile lingemwangukia nani. Kati ya fundi mwenye cheti na mwanamke asiyejua kusoma namba, nani angeshukiwa?

Mama akamgeukia mwenzangu. "Kitambaa chote hiki! Ulikuwa unawaza nini? Ondoka, kazi hapa huna tena!"

Mwenzangu hakumtazama Mama. Alinitazama mimi. Nikainama kuokota chaki ambayo haikuwa imeanguka.

"Malesh, Mama," akasema. Samahani. Akavua aproni, akaikunja vizuri kana kwamba kesho angeivaa tena, akaondoka.

Siku zilizofuata nilitafuta kila njia ya kutulia isipokuwa ile moja. Nilimtumia sukari na unga kwa mwendesha bodaboda; akarudisha salamu kwamba Mungu anibariki. Jumapili kanisani, ilipofika sala ya toba, niliisoma kwa sauti kubwa. Sala ile inasema "tumekosa". Nikajificha tena ndani ya wingi.

Kilichonishinda ni sifa. Mama alimleta fundi mpya kwenye meza yangu, akamwambia, "Mfuate huyu Mkenya. Yeye anajua kazi." Kisha akanigeukia: "Msimulie habari ya yule wa sketi, asije akarudia."

Nilifungua mdomo nimsimulie. Nilianza kabisa: "Kulikuwa na mwanamke hapa..." Fundi mpya akabaki ananitazama. Nikaweka mkasi chini, nikamfuata Mama ofisini.

"Mama, sketi zile niliharibu mimi. Nilisoma karatasi ya shule ya msingi. Yule alikata nilichochora."

Alifunga daftari lake la hesabu. "Tangu siku ile ulijua?"

"Nilijua, Mama."

"Siku tisa." Alisema polepole, kama mtu anayeonja kitu kichungu. "Na mimi nikamfukuza mtu mbele ya watu." Alivua miwani. "Nenda ukamlete. Akikataa kuja, na wewe usirudi."

Mangateen niliuliza njia mara tatu. Nilimkuta ameketi nje ya kibanda chao cha turubai, anachambua mboga, mama yake amelala kwenye mkeka ndani. Nilikuwa nimepanga hotuba nzima. Nilipomwona nikasahau yote, nikapiga magoti pale pale vumbini.

"Dada, ni mimi niliyekosea. Nikakuachia wewe."

"Mimi najua," akasema, mikono yake bado kwenye mboga. "Ile siku mimi ilimaliza kukata, ndiyo nikaona karatasi. Namba sijui, lakini hii karatasi ya watoto iko na doa ya chai. Wewe ulishika ya doa."

"Mbona hukusema?"

"Mimi nikisema, nani anasikia?" Akanitazama usoni. "Wewe ukisema, watu wanasikia. Basi mimi nangoja wewe."

Nililia. Hakunibembeleza. Aliniacha nilie, akainjika birika, na chai ilipochemka akanipa kikombe cha kwanza, mimi mgeni. Kisha akatoa sharti lake. Angerudi, lakini nimfundishe namba za futi ya kupimia, zote, hadi asihitaji jicho la mtu mwingine.

Alirudi Jumatatu. Mama alimwomba radhi mbele ya mafundi wote, jambo ambalo sikuwahi kuona tajiri akilifanya. Nami nilisema langu, mbele ya hao hao. Na sketi? Ni yeye aliyeziokoa. Alishauri tuunge kipande kipana kiunoni, mahali ambapo blauzi ingefunika. Tulishona wiki nzima, na shule ikazipokea.

Namba alizishika kwa majuma mawili. Sasa anapima, anachora na kukata mwenyewe, na mara nyingine hunikosoa: "Dada, hapa umeiba inchi."

Watu hudhani ninachomshukuru ni msamaha. Ninamshukuru zaidi kwa kuniona kuwa mtu anayeweza kusema kweli, wakati ambapo mimi mwenyewe sikuwa na ushahidi wowote.

Krismasi iliyopita tulikula pamoja kwao. Nikamwambia hivyo, kwa maneno mazito ya shukrani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka sana, akamtafsiria mama yake, naye bibi akacheka kwa ufizi mtupu.

"Ngoja nikuambie ukweli," akasema. "Siku tatu ya kwanza, mimi ilikutukana. Kwa lugha yetu. Matusi kubwa, mama yangu ni shahidi. Siku ya nne nikachoka, ndiyo nikaanza kungoja."

Akanisogezea sahani ya samaki, akanichagulia kipande cha kichwa, kilicho kitamu kuliko vyote.