Kungwi wa Mnyambe na Somo la Kubana

Wifi yangu Mwanaisha ni kungwi. Hapa Mnyambe bibi harusi asiyefundwa na yeye hujiona kakosa kitu. Mwanaisha ana maringo, na mimi wifi yake ndiye mwenye ruhusa ya kusema.

Mwaka ule wanunuzi binafsi wa korosho walikuwa wameanza kugombea mzigo vijijini, na kila nyumba ikataka harusi kubwa. Mjukuu wa Mwanaisha, Ziada, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa aolewe mwisho wa mwaka. Mwanaisha ndiye wa kuongoza ngoma. Nikamkuta jikoni analia. Akicheka, mkojo unamtoka. Akikohoa, vilevile. Watoto saba, na ndoo za maji za kupandisha kutoka bondeni miaka yote hiyo.

"Nitalowa mbele ya watu, wifi. Aongoze mwingine."

Nikamkokota hadi zahanati. Nesi Oliva, ambaye alifundwa na Mwanaisha kabla ya kuolewa, akamwamkia shikamoo, akampima, akaanza kumweleza kwamba chini ya nyonga kuna misuli inayobeba kibofu na kizazi, nayo ina mazoezi yake.

"Kubana nilikufundisha mimi," Mwanaisha akamkata. Akanyanyuka, akaondoka. Haya.

Akabana. Alibana akilima, akabana akitwanga, akabana na pumzi mpaka macho yakamtoka. Wiki haijaisha kiuno kinauma, mkojo unatoka kama kawaida. Nilicheka jamani, sikuweza kujizuia.

Tukarudi zahanati. Safari hii alisikiliza mpaka mwisho.

"Somo wangu, msuli usiopumzika unachoka," Oliva akamwambia. "Bana huku unapumua, kaa kidogo, kisha achia kabisa. Ukitaka kukohoa au kuinua ndoo, bana kwanza. Na usijinyime maji. Itachukua miezi, usikate tamaa."

Siku ya ngoma Mwanaisha aliongoza toka asubuhi, akaruka, akacheka mpaka akashika mbavu, na kanga yake kavu. Mimi ndiye niliyelia, kwa furaha.

Mchana tukamwingiza Ziada ndani kumfunda. Lilipofika somo la kubana, nilingoja maneno yale ya siku zote, ya kumfurahisha mume. Mwanaisha akamshika mjukuu wake mkono.

"Misuli hii ni ya kwako kwanza," akamwambia, "mpaka uzeeni. Mume ataikuta hapohapo."