Tenga Nililolitundika Kwenye Uzio wa Dada

Nakumbuka siku moja ya msimu wa mabibo, mwanangu, nimesimama nje ya uzio wa dada yangu kule Likunja, tenga kichwani, na ndani ya tenga mna mtoto wa nguruwe. Dada yangu wa tumbo moja amekataa kunifungulia. Umeniambia unataka kufuga nguruwe, na miti ya banda umeshakata. Sikukatazi. Kaa hapo kwanza unisikilize, maana haya hutayasikia kwa hao wanaokuuzia mbegu.

Mama yetu alifuga nguruwe Nachingwea tangu sisi wadogo. Alianza na jike mmoja, na uzao wa jike huyo ndio uliotuvisha na kutusomesha, ingawa shule yenyewe mimi sikuipenda sana. Alipofariki tuligawana. Dada Anastazia alikuwa ameolewa Likunja, upande wa Ruangwa, akachukua majike wawili. Mimi nikabaki na waliosalia, pamoja na tenga la mama la mianzi. Alilisuka kwa mikono yake, akauviringishia ukingo vipande vya khanga nyekundu lisitukwaruze tulipolibeba. Dada alilitaka sana lile tenga. Nikamnyima, kwa sababu yeye ndiye mkubwa na nilimwona amezoea kupata kila kitu. Ndivyo nilivyokuwa, na wanaonijua watakwambia sijabadilika sana.

Kisha, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, ikaingia homa ya nguruwe. Wewe ukisikia homa unawaza dawa. Hii haikuwa na dawa wala chanjo. Asubuhi mnyama anakataa pumba, masikio yanageuka rangi kama yamepigwa, anajilaza pembeni, na hainuki tena. Kwangu walikufa mmoja baada ya mwingine mpaka nikawa naogopa kwenda bandani kulipokucha. Majirani walichinja wagonjwa haraka haraka wakauza nyama. Wengine waliwapelekea ndugu zao kama zawadi, na huko nako mabanda yakanyamaza. Bwana mifugo alipita nyumba kwa nyumba, kijana wa watu, macho mekundu kwa uchovu, akisema maneno yale yale: asitoke nguruwe, isitoke nyama, fukieni, na chochote kilichowagusa kichomwe.

Nilimwitikia vizuri, nikamkaribisha na uji. Alipoondoka nikamtoa jikoni mtoto mmoja wa kike niliyemficha nyuma ya kuni, ambaye bado alikuwa amechangamka. Niliona uzao wa mama unaishia mikononi mwangu, mwanangu, na sikuweza kuvumilia. Nikamweka kwenye tenga, nikafunika na khanga, nikapanda lori la Ruangwa. Kutoka mjini nikatembea.

Dada alikuwa ameuziba uzio wake kwa miiba, na mlangoni amemwaga majivu ya kuzuia ugonjwa. Alitoka bandani, akasimama mbali.

"Kolastika, usisogee. Huyo umetoka naye kwenye ugonjwa?"

"Ni wa mama, dada. Amebaki huyu tu."

"Na hawa wangu ni wa mama pia. Rudi naye. Wewe njoo siku nyingine, umeoga, umebadili nguo, huna mnyama. Nitakupikia."

Akaja na kata ya maji, akaiweka juu ya kisiki nje ya uzio, akarudi nyuma ili ninywe. Nilikuwa na kiu ya kutwa nzima. Nikayamwaga chini akiniangalia. Nikamwambia kwamba mama angefufuka angemkana, na mengine ambayo siwezi kuyarudia mbele yako.

Sikufika hata barabarani, mtoto wa nguruwe akafa. Nikakaa chini nikalia. Akanikuta Mzee Salumu, jirani wa dada, anatoka kwenye shamba lake la ufuta na jembe begani. Huyu alikuwa Mwislamu wa kweli, tena mtu wa swala zake zote. Alivumilia harufu ya banda la dada kwa miaka, na salamu zao hazikupungua hata siku moja. Akachungulia tenga, akaelewa.

"Mimi huyu simgusi, unajua," akasema. "Lakini shimo nitakuchimbia."

Akachimba, refu kwenda chini, jasho linamtoka kwa ajili ya mnyama asiyemhusu. Nilipomfukia mtoto yule, mzee akanionyesha tenga.

"Na hilo litie humo. Wametutangazia hata sisi tusiofuga."

"Tenga la mama halifukiwi, baba."

Akaniangalia kwa huruma. "Mwanangu, mama yako mlishamzika. Hiyo ni mianzi."

Nilimwona hana adabu. Alipoondoka zake, nikarudi hadi kwa dada, nikalitundika tenga kwenye uzio wake, upande wa mlangoni. Nilitaka kila akitoka aone alichokikataa. Nikarudi Nachingwea roho imetulia, kama mtu aliyeshinda kesi.

Hazikupita wiki nyingi, Mzee Salumu akaja sokoni Nachingwea na ufuta wake, akaulizia mpaka akanipata. "Nenda kwa dada yako," akasema. "Wamekwisha wote."

Nilikwenda kesho yake. Dada alikuwa ameketi ndani ya uzio, chini, karibu na udongo mbichi wa shimo. Alikuwa amekonda kwa muda ule mfupi. Nilitaka kuingia, akainua mkono.

"Usiingie, Kolastika. Maradhi yamo humu."

Alisahau kwamba mimi sikuwa na nguruwe tena wa kuambukiza. Nikakaa palepale nje, kwenye kile kisiki. Akasema kwa sauti ya chini, "Angalau wewe ulinisamehe. Asubuhi ile nilipoliona tenga la mama hapo mlangoni, nililia sana. Nikajua hasira zimekwisha. Nilikuwa nawabebea nguruwe mabibo humo kila siku, nikiwaambia, haya kuleni, mdogo wangu kanipa."

Mwanangu, nimezika wazazi, nimezika mume. Sijawahi kuumia kama nilivyoumia pale. Nikamweleza yote, shimo, na maneno ya mzee, na kwa nini nililitundika. Alisikiliza mpaka mwisho akitazama udongo. Nilingoja anitukane. Ningefurahi angenitukana.

"Lipo nyuma ya banda," akasema. "Lirushie nje ya hii miiba, ulichome. Kisha urudi ukae."

Alikosea, maana mimi ndiye niliyekuwa nje, ikabidi alitupe yeye. Nikalichoma njiani, mianzi ikawa inapasuka motoni, na vile vipande vya khanga vya mama ndivyo vilivyoshika moto mwanzo. Nikarudi nikakaa. Tulikaa mpaka jua likazama, yeye ndani, mimi nje.

Watu wema walinitafutia sababu nyingine. Walisema labda ni nyama iliyopita kijijini, labda ni nguruwe pori, hao wanaoingia mashambani kama kule Kilimarondo. Nawashukuru, lakini mimi najua nilichokitundika. Dada hakufuga tena, wala mimi. Uzao wa mama uliishia pale, hakuna hata mmoja aliyebaki popote. Dada naye amekufa siku nyingi sasa. Hakunilaumu hata mara moja, na hilo ndilo lililonielemea zaidi ya lawama yoyote.

Basi jenga banda lako. Weka majivu mlangoni, na usimwonee haya mgeni ukimwambia aishie nje, hata akiwa mimi. Mnyama akikataa pumba, mwite bwana mifugo siku hiyo hiyo, usimfiche nyuma ya kuni. Usiwape ndugu nyama ya mgonjwa ukaiita zawadi. Ukiambiwa choma, choma, hata kama kilisukwa na mikono ya mama. Na ukiwa na hasira na mtu, mpe kwa maneno, aisikie, aijue kuwa ni hasira. Usimwachie kitu mlangoni ili akisome mwenyewe, maana anayekupenda atakisoma vibaya.

Mungu na alibariki banda lako, mwanangu, wanyama wako wale washibe na waamke. Na siku yakikufika ya kukufika, maana mimi siwezi kukudanganya kwamba hayatakufika, akupe ndugu wa kuja kukaa nje ya uzio wako mpaka jua lizame.