Ukurasa wa Wazambia

Nianze kwa kukiri, ili tusipotezeane muda: maneno yale niliyaandika mimi. Sikuambiwa na mtu, sikunakili popote, na mtandao haukuingiliwa na wahuni kama nilivyosema siku ile mbele ya ukumbi mzima. Niliyaandika kwa mikono yangu miwili, nimeshiba wali maharage, nikicheka peke yangu. Miaka imepita na watu wa Tunduma wengi wamesahau, lakini mimi bado nikipita karibu na ukumbi ule natembea upande wa pili wa barabara.

Wakati huo Tunduma ilikuwa bado mkoa wa Mbeya (mkoa wa Songwe haujazaliwa), nami nina kibanda cha kompyuta jirani na geti la mpaka wa Zambia, ambako nilikuwa nachapa barua, naingiza nyimbo kwenye flashi, na kwa ujuzi niliojiokotea mwenyewe mtandaoni, natengeneza tovuti. Nilikuwa nimelewa kabisa na hizi programu huria, yaani mtu wa mbali usiyemjua anakaa kwao anaandika programu, halafu anaiacha wazi mtandaoni anasema chukua, tumia, ukiona kasoro irekebishe. Bure. Mimi nimezaliwa Tunduma, mji ambao hata ukiuliza njia kuna mtu atakusindikiza halafu asimame akingoja chochote, kwa hiyo kila nilipopakua programu ya bure nilikuwa nageuka kutazama kama kuna mtu ananidai.

Basi akaja Alhaji Idi. Alhaji alikuwa na malori mawili, mtu wa Kondoa, lakini alikuwa amekaa Tunduma tangu mimi sijaanza shule, watoto wake wamezaliwa hapa, msikiti amechangia, kwenye misiba yetu anazika, na bado watu wakimtaja walikuwa wanasema "yule mgeni wa Kondoa". Chama cha wasafirishaji kilikuwa kinakaribia kuchagua mwenyekiti, naye aligombea. Hakunificha kwa nini.

"Lameck mwanangu," aliniambia, "mimi cheo sikitaki cha kulia fedha. Nataka kabla sijafa watu wa hapa waseme, huyu ni wetu."

Alitaka tovuti ya malori yake aionyeshe siku ya mkutano, ili wanachama waone kuwa akichaguliwa kila mmoja atapata ya kwake. Akaongeza ombi moja, la kistaarabu tu: Mtanzania akifungua asalimiwe kwa Kiswahili, Mzambia akifungua asalimiwe kwa lugha zao, kwa sababu mgeni hukaribishwa kwa namna aliyoizoea.

Nikapata kijiprogramu huria kinachofanya kazi hiyohiyo. Kila anayeingia mtandaoni ana namba yake, na kijiprogramu kinaitazama ile namba, kinajua amekuja kupitia nchi gani, kinamfungulia ukurasa wake. Kilikuwa na faili lililoandikwa kwa herufi kubwa NISOME KWANZA. Sikulisoma (nani analisoma?).

Ukurasa wa Watanzania niliuandika kwa adabu: sisi ni waaminifu, tunashirikiana na wenzetu wote. Ukurasa wa Wazambia ndio ulionipa kichwa. Nikaanza kwa Kibemba, mwaiseni mukwai, karibuni sana, halafu nikahamia Kiingereza, na hapo ndipo Shetani alipovuta kiti akakaa. Nilijiambia, Mtanzania hatauona ukurasa huu maisha yake yote, basi tuwape Wazambia utamu. Nikaandika kwamba ndugu zetu tunajua mnavyoteseka Tunduma, ukivuka tu unazungukwa na matapeli, wasafirishaji wao wanapakia leo, wanaahidi kesho, wanafika mwezi ujao, mwamini Idi peke yake. Na kwa kuwa ukurasa bila picha haupendezi, nikaweka picha niliyoipiga mwenyewe kijijini Mpemba, nje kidogo ya mji, ya lori lililokufa kando ya barabara, boneti juu, matawi ya miti yamepangwa nyuma kama onyo, na mgongoni limeandikwa MUNGU HAMTUPI MJA.

Alhaji alikuja kukagua, nikamfungulia wa Kiswahili, akafurahi. Wa Kizambia nilimwambia, "Ni salamu zilezile, Alhaji, kwa Kiingereza." Kiingereza alikuwa hajui. Akanishika bega akaondoka.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa. Wenye malori, mawakala, madereva wazee, na wageni wachache kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, akiwemo BaMulenga, mfanyabiashara mnene mwenye sauti, ambaye hakuna msafirishaji wa Tunduma asiyewahi kumbebea mzigo. Projekta tuliazima kanisani, ukutani tukatundika shuka jeupe. Alhaji alikaa mbele, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata. Katibu wa chama, Mwalimu Nzunda, mwalimu wa Kiingereza aliyestaafu na asiyekubali kustaafu, akaomba nisogeze meza ili naye akae karibu na kompyuta.

Nikachomeka modemu, nikaandika anwani, na kile kiduara kikaanza kuzunguka. Kikazunguka. Watu wakakohoa. Mtandao wa upande wetu siku ile ulikuwa umelala. Sasa, mtu wa Tunduma haangaiki na jambo kama hilo, kila mtu kwetu ana laini mbili, ya huku na ya kule, huku kukigoma unashika mnara wa Nakonde, ni sawa na kuhamisha ndoo mkono huu kwenda mkono ule. Nikatoa laini ya Tanzania nikaweka ya Zambia. Sikufikiri hata sekunde moja. Kosa lote lilikuwa hapo, na lilikuwa dogo kiasi cha kuenea kwenye kucha.

Ukurasa ukafunguka haraka ajabu, mwanga wake ukanigonga kisogoni, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshageukia watu nikawapa mgongo shuka na kompyuta, mikono nimeifungua kama mhubiri, mmoja umeshika kipaza sauti, nasema, "Ndugu wanachama, haya mnayoyaona ndiyo moyo wa Alhaji Idi!"

Macho yote yakaganda kwenye shuka.

Nikadhani wamevutiwa. Nikaendelea. "Kila neno limepimwa! Na hivi ndivyo wateja wetu duniani kote watakavyotujua!"

Nyuma yangu Mwalimu Nzunda alikuwa ameanza kusoma, na kwa kuwa ni mwalimu, akisoma Kiingereza lazima awatafsirie wengine, polepole, kwa sauti ya darasani. "Ndugu zetu wa Zambia... tunajua mnavyoteseka Tunduma... mnazungukwa na... hapa ametumia neno zuri... na matapeli." Alipofika kwenye "wanafika mwezi ujao" ndipo mimi nilipogeuka. Sitaki kueleza nilivyojisikia. Miguu ilikuwepo, hilo nakumbuka, kwa sababu niliitazama.

Mama Sekela akasimama safu ya tatu. Huyu mama alikuwa na lori moja tu, alilorithi kwa marehemu mumewe, na mdomo wa kutosha malori kumi.

"Samahani katibu," akasema. "Hilo gari pichani si langu?"

Watu wote wakasogeza shingo. MUNGU HAMTUPI MJA, hakuna ubishi.

Alhaji akanigeukia, sauti ya chini. "Fundi, kimeandikwa nini hapo?"

Na mimi, badala ya kusema kweli, nikasema kwa kipaza sauti, "Jamani, mtandao umeingiliwa! Kuna wahuni wa mtandao, wako nje ya nchi, hii ni kazi yao!"

"Wahuni wa nje ya nchi," akasema Mama Sekela, "walikuja mpaka Mpemba kulipiga picha gari langu?"

Ukumbi ukacheka, lakini hakikuwa kicheko cha raha. Mzee mmoja nyuma akasema kwa sauti ya kusikika, "Mgeni ni mgeni tu. Miaka yote anakula nasi, kumbe ng'ambo anatuuza." Hapo kicheko kikaisha. Nilimwona Alhaji akilipokea neno lile. Hakutikisika, alifumba tu macho kidogo.

BaMulenga naye akainuka, anacheka machozi yanamtoka. "Mwandi! Mimi ndiye Mzambia hapa, niacheni niseme kidogo. Siku gari hili lilikufa, mzigo ulikuwa wangu. Huyu mama alikodi gari lingine siku ileile, nikapata mzigo jioni, hakuniongezea bei. Sasa aliyeandika hapa ni nani? Mbona mimi sikuteseka?"

Hapo sasa. Mtu mwenye akili angesema. Mimi niliinama nikaanza kushughulika na waya, naukaza, naulegeza, naukaza.

Alhaji akasimama, akarekebisha kofia. "Duka ni langu," akasema. "Kilichoandikwa mlangoni ni changu. Mama Sekela, nakuomba radhi. Wanachama, nawaomba radhi." Alibaki amesimama, anatazama mbele, muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mimi nikaendelea na waya wangu.

Ningeishia hapo ningekuwa mwoga tu, na waoga ni wengi. Lakini Mwalimu Nzunda hakuwahi kuacha karatasi ya mtihani katikati. Muda wote huo alikuwa anaushusha ukurasa, mstari kwa mstari, mpaka mwisho kabisa, pale chini ambako sisi watengeneza tovuti huwa tunaweka sahihi zetu kwa fahari. Akavaa miwani vizuri, akatafsiri. "Maneno, picha na usanifu: Lameck Sichone, fundi wa tovuti, Tunduma. Karibu nikutengenezee na wewe."

Sijui nilitokaje. Nakumbuka kipaza sauti kilikuwa bado mkononi mwangu nilipofika kwenye maegesho ya malori, na mtu alitumwa kukifuata. Waliobaki waliniambia baadaye kwamba Alhaji aliliondoa jina lake mwenyewe kabla ya kura. Walimwambia abaki, maana kosa limeshajulikana ni la nani, akasema hapana, mtu asiyejua kilichoandikwa mlangoni kwake hawezi kuwafungulia wengine milango.

Kwa hasira za mkosaji nilimwandikia bwana aliyekitunga kile kijiprogramu, nikamlaumu kwamba kitu chake kimeniharibia jina. Alijibu kwa upole kabisa (bure pia), akaniuliza kama nilisoma lile faili, kwa sababu ndani yake ameonya: watu wanaoishi mipakani hushika minara ya jirani, usiweke kwenye ukurasa wa nchi moja jambo usilotaka nchi nyingine ilione. Nikalifungua. Lilikuwa onyo la pili kutoka juu. Ukurasa niliufuta, lakini nikaja kugundua kuna watu huko duniani kazi yao ni kuhifadhi kurasa za zamani za tovuti, na wangu wameuhifadhi vizuri sana, na lori lake, na jina langu chini.

Kwa Alhaji nilikwenda siku ya tatu, kwa sababu ya kwanza na ya pili sikuweza. Nilimkuta ofisini anakunywa kahawa. Nikapiga goti kabisa, nikasema nisamehe mzee wangu, maneno yalikuwa yangu.

"Nilijua," akasema. "Kiingereza sijui, lakini ule waya uliokuwa unaukaza haukuwa umechomekwa popote."

Nikatazama sakafu. Ikabidi niulize lililokuwa linaniwasha. "Sasa Alhaji, ulijua ni mimi, kwa nini ukasema ni yako?"

Akaweka kikombe chini. "Nilikuwa nakupisha, mwanangu. Nilidhani nikisimama mimi, utaona si vigumu, nawe utasimama."

Tovuti bado natengeneza. Lakini nimejiwekea sharti, na wateja wengine huniona mwehu: ukurasa ukiisha nauchapa kwenye karatasi, naukunja mfukoni, natembea mpaka kwa Mama Sekela, namsomea kwa Kiswahili neno kwa neno mpaka kwenye jina langu pale chini. Mara ya kwanza nilisoma nimekaa, naye akanisikiliza mpaka mwisho, mikono kiunoni, kisha akaniambia, "Haya. Sasa usome tena ukiwa umesimama."