Karatasi ya maelekezo ya kipimo cha utumbo niliifungia kahawa, hospitali wakaandika mimi ndiye mkosaji

Wakuu,

Mlionizidi umri shikamooni, kama bado mpo. Nyie wengine wote shikamoo yangu naisubiri hapa hapa, msinipite kama mnapita kisiki.

Mimi ni bibi wa Butimba. Mhaya wa kuzaliwa, Mwanza nimeolewa na nimezeekea. Shule sijakanyaga. Nasema kwa mdomo, anayeandika ni binti yangu Kemi, mtu mzima mwenye watoto wake, na nimemwambia akilainisha neno langu hata moja tutakosana. Haya yote ni kweli, yamepita kwenye tumbo langu mwenyewe.

Kama unakula, weka sahani pembeni kwanza.

Ilianza na damu. Nikienda chooni, damu. Nikanyamaza.

Mnajua kwa nini? Dada yangu mkubwa alitoka damu hivyo hivyo. Watu wakamwambia bawasiri hiyo, chemsha mizizi unywe. Akachemsha, akanywa, tukamzika bila kujua kilichomuua ni nini. Basi na mimi nikaona nikifungua mdomo tu, nimeshakwenda.

Siku nikaanguka jikoni ndipo Kemi akajua. Tukaenda hospitali (siitaji, mods msije mkanifungia uzi). Nikalazwa, nikaongezwa damu chupa mbili.

Akaja dokta wa kamera. Huyo anaongea kama anakimbizwa na mbwa: "Bibi usijali, tunaingiza kamera kwa chini, tunacheki utumbo wote, fasta tu, ila uwe msafi!"

Nikamwambia mimi naoga mara mbili kwa siku. Wodi nzima wakacheka.

"Msafi wa ndani, bibi. Utapewa dawa ya kusafisha tumbo." Huyo, kaondoka.

Sasa hasira zangu zinaanzia hapa.

Mchana akaja nesi, wa kiume, anaitwa Method. Mpole mpaka anaboa. Sauti yake kama anaongea na mtoto aliyelala: "Bibi shikamoo. Bibi dawa yako hii, lita nne. Na maelekezo ni haya hapa, utasoma, eeh bibi?"

Akanipa karatasi.

Mimi nikaitikia eeh.

Ndiyo, niliitikia! Wanawake kumi na mbili wananiangalia, mimi niseme mbele yao sijui kusoma? Kemi haruhusiwi kuingia mpaka saa ya kuona wagonjwa. Nikaishika ile karatasi, nikaikodolea macho kidogo kama wanavyofanya wenzangu, nikaiweka chini ya mto. Na yeye hakuuliza. Kosa langu nimelisema, sasa la kwake atalisema nani?

Aliniambia kitu kimoja tu kwa mdomo: "Bibi usile chakula."

Sawa. Sikula chakula.

Jioni wakaja wenzangu wa jumuiya kuniona, na Kemi mwenyewe akaja nao. Wahaya mnatujua, mgeni akija hata kama unakata roho unampa kahawa ya kutafuna. Nilikuwa nayo kwenye mkoba, kavu, na maganda yake. Nikawagawia, na mimi nikatafuna. Kahawa kwetu ni ya kupokelea watu. Haijawahi kuwa chakula tangu nizaliwe.

Iliyobaki nikatafuta cha kuifungia. Nikatoa ile karatasi chini ya mto, nikaikunja vizuri, nikafunga kahawa yangu. Nikaendelea kutafuna kidogo kidogo, maana ile dawa, wakuu, ladha yake kama maji ya kuoshea dagaa.

(Kemi anacheka hapa. Andika, usicheke. Na wewe ulikuwepo, ulitafuna kama wenzako, hukuniuliza nimeambiwa nini.)

Lita nne nikazimaliza jioni hiyo hiyo, maana Method anataka kutoka shifti aandike nimemaliza. Choo kimoja wodi nzima, cha kuchuchumaa, taa imeungua. Mnasimama foleni mmeshika tumbo kila mtu na maombi yake. Nikaenda, nikarudi, nikaenda, nikarudi. Nilikuwa natoka kama bomba lililopasuka.

Method akapita: "Bibi, unaendelea vizuri?"

Nikasema vizuri.

Ananionea haya. Kijana wa umri wa mwanangu wa mwisho amuulize bibi habari za kinyesi chake? Na mimi namwonea haya. Tukaoneana haya wote wawili, akaandika kwenye faili nimeandaliwa, akaenda kwake.

Asubuhi wananipeleka, nimelala ubavu, kamera hiyo inaingia. Dokta anatazama kioo chake. Halafu: "Aisee. Hii ni nini? Sista njoo uone. Maganda haya! Bibi umekula nini wewe?"

Sijala.

"Bibi, mbona kumejaa vitu vyeusi? Sioni kitu! Basi, tunatoa. Tutarudia wiki ijayo."

Wiki ijayo! Na damu bado inatoka.

Nikarudishwa kitandani kama mzigo uliokosa mwenyewe. Kemi alipokuja akaomba kusoma faili. Wameandika: mgonjwa hakufuata maelekezo.

Maelekezo yapi?

Kemi naye akaniuliza, maelekezo yapi, mama? Nikamwonyesha kifurushi. Akaifungua karatasi, kahawa zikamwagika kitandani, akasoma kwa sauti. Asile mbegu. Asile maganda. Asinywe maziwa wala kitu chekundu. Dawa nusu jioni, nusu alfajiri siku ya kipimo. Choo kikitoka cheusi au kizito, mwambie muuguzi.

Yote yalikuwa mle. Nimeifungia kahawa!

Nililia, wakuu. Ila nililia kwa hasira. Mimi nimemwaga utumbo usiku kucha, nimekaa na njaa, dokta hajaona kitu, na faili linasema mimi ni mkaidi.

Aliyeniokoa ni mfagiaji. Mama Kabula, Msukuma, mrefu, anasukuma ndoo yake anaimba puani. Alinikuta nafuta machozi kwa kanga, akasikia habari yote, akaweka fagio chini.

"Mayu," ndiyo mama kwa Kisukuma, "maji yako yalikuwa rangi gani?"

Nikamwambia nitajuaje, kule giza.

"Gete, kweli hakuna aliyekuuliza?" Hakuna. "Mimi ndo naosha kile choo. Wanaoenda kamera nawajua kwa ninachokuta asubuhi. Ya mtu aliye tayari yanakuwa kama mkojo, meupe ya njano, hamna kitu kinaelea. Yakiwa kama chai ya maziwa, huyo anarudishwa. Wewe nilijua utarudishwa."

Nikamwambia, sasa mbona hukusema?

Akanitazama. "Nimwambie nani, mayu? Mimi mfagiaji."

Hilo jibu mpaka leo sijalisahau.

Wiki iliyofuata Kemi akamwendea sista mkuu wa wodi, akagoma kutoka saa za kuona wagonjwa zilipoisha. Sista akaongea kwa pua, "Hatuna utaratibu huoo!", ila akamwacha. Siku mbili nikaishi kwa chai ya rangi na supu iliyochujwa. Kahawa Kemi akaibeba kwenda nayo nyumbani. Dawa nusu jioni, nusu alfajiri. Mama Kabula akaleta ndoo nyeupe, akanipeleka dirishani kwenye mwanga. Tukainama wote wawili kuangalia, kama tunachagua mchele.

"Bado, mayu. Kunywa."

Nikanywa.

"Bado."

Nikamtukana kwa Kihaya. Akanijibu kwa Kisukuma. Nikanywa.

"Haya. Sasa nenda."

Dokta safari hii akawa anapiga mluzi. "Bibi, utumbo unang'aa! Nani kakuandaa hivi?" Nikamjibu, mfagiaji. Akacheka. Mimi sikucheka, nikamwambia mwandike kwenye faili.

Halafu mluzi ukakatika. Kalikuwepo kanyama, kamejificha kwenye kona. "Bibi, ukubwa wake kama kahawa yako," maana habari za kahawa Kemi alishampa. Akakakata hapo hapo. Kakapelekwa kupimwa, na majibu yakarudi: hakajawa kansa. Ila kangekaa, kangegeuka.

Sasa fikirieni. Mara ya kwanza kalikuwa mle mle, chini ya maganda. Angekuwa dokta mvivu angeandika safi, ningerudi Butimba nachemsha mizizi kama dada.

Method alikuja kunipa pole. Nikamwambia sitaki pole, nataka lile neno lifutwe. Akasema faili halifutwi. Nikamwambia basi ongeza chini yake: hakuulizwa kama anajua kusoma. Akaandika. Kemi alisoma akahakikisha.

Siku naruhusiwa, kitanda cha jirani kaingia mama mwingine, naye wa kamera. Method kaja na karatasi yake. Kasimama, kanitazama mimi kwanza. Halafu akachuchumaa: "Mama shikamoo. Samahani, unajua kusoma?"

Yule mama akaanza kutazama wenzake, kama nilivyofanya mimi.

Nikasema kwa sauti, wodi nzima isikie: "Sema ukweli, mwenzangu. Mimi sijui hata a."

Akasema, "Sijui, mwanangu."

Method akavuta stuli, akakaa, akaanza kumsomea mstari kwa mstari. Mama Kabula nyuma yake kaegemea fagio, akamwambia: "Na rangi umwambie."

Nilichojifunza, wakuu: ukipewa karatasi usiyoijua, sema huijui, aibu haijawahi kuua mtu, ila ukimya nusura uniue mimi. Na nyie manesi mliojaa humu, msituulize kama tunaendelea vizuri. Tuulizeni rangi. Tutawajibu, haya zetu tutaziweka kando.

Aliyewahi kurudishwa kwenye kipimo hiki aseme ilikuwaje. Na nyie wa hospitali jiteteeni, nawasubiri. Kemi atanisomea zote, na matusi pia, asiruke hata moja.