Karani wa Dirisha la Tatu

Karani wa dirisha la tatu, mahakamani Tainan, hampi mtu amri ya ulinzi hivi hivi. Huupuliza muhuri mwekundu ukauke, akaweka rula chini ya kila mstari, akamsomesha mwenyewe kwa sauti. Yueh-chin alisoma: mume asimguse, asimpigie simu, asiikaribie nyumba kwa mita mia moja.

“Umeelewa, dada?”

“Nimeelewa. Ila sikukuu ya wahenga lazima aje kufukiza ubani. Yeye ndiye kifungua mimba, na madhabahu ya marehemu wazee wao iko kwangu.”

Rula ikarudi kwenye mstari. “Nionyeshe palipoandikwa ‘isipokuwa sikukuu’.”

“Hakuna.”

“Haya.” Akavuta droo iliyojaa bahasha nyekundu, akampa moja. “Chota majivu ya chetezo cha madhabahuni, uyatie humu, polisi wampelekee. Wazee hufuata ubani, hawafuati nyumba.”

Sikukuu ilipofika, mume, aliyekwisha kupelekewa majivu, alisimama karibu na mlango akipayuka, “Nataka wazee wangu!”

Yueh-chin akafungua dirisha, simu mkononi, sauti ikimtoka ile ile ya karani. “Wazee unao huko kwako! Soma mstari wa tatu, kwa sauti!”

Majirani wakamhesabia hatua akirudi nyuma.